Ini Halikohoi

Mwezi wa sita unapoingia katika nyanda za juu za Kigoma, mvua zikiwa zimekata na mahindi yamekwisha kuvunwa, asubuhi za Kasulu na Kibondo huwa na baridi ya kuwasha moto mapema, na moto huo huwashwa ndani. Kuni hazijakauka vizuri, mafiga ni matatu, mlango umerudishwa. Kikohozi cha msimu huo kina vyanzo vingi: moshi, vumbi, mafua ya watoto wa shule, pumu, nimonia, na kifua kikuu ambacho hakingoji msimu. Kwa nyumba nyingi dawa ya kwanza ya vyote hivyo ni moja, nayo ni majani yaliyochemshwa.

Ukiuliza kama majani hayo ni salama, utajibiwa kwa swali: wazee walikunywa, sisi tumekunywa, nani amekufa? Hoja hiyo si ya kubezwa. Ni utafiti wa aina yake, tena wa muda mrefu. Mmea unaomtapisha mtu damu jioni ya siku aliyounywa, au unaomlegeza viungo hadi ashindwe kusimama, ulikwisha kuondolewa kwenye chungu vizazi vingi kabla mtu yeyote hajavaa koti jeupe. Tatizo ni kwamba utafiti wa namna hii huona sumu ya haraka tu, ile inayomdhuru yule yule aliyekunywa, mbele ya macho ya aliyempa. Sumu inayofanya kazi kwa miezi, au inayompita mama ikampata mtoto aliye tumboni, haina shahidi. Mgonjwa akianza kuvimba tumbo mwezi wa kumi na moja, nani atakumbuka alichokunywa mwezi wa sita?

Mmea mmoja wa misitu ya Ulaya unasaidia kulielewa jambo hili. Unaitwa Pulmonaria officinalis. Ni mfupi, maua yake huanza na rangi ya waridi na kuishia samawati, na majani yake ya kijani yana madoa meupe. Katika karne ya 16, zama za Paracelsus, waganga wengi wa huko waliamini kwamba Mungu ameweka kwenye kila mmea alama ya kiungo unachokitibu. Jani lenye madoa likafananishwa na pafu lenye ugonjwa, likawa dawa ya kukohoa, ya kutema damu, hata ya kifua kikuu. Tusiwacheke. Utomvu mwekundu wa mninga umetumika kama dawa ya damu katika nchi nyingi za miombo, na mantiki ni ile ile.

Mmea huo bado unauzwa kama chai ya kifua, nao umepimwa. Una utelezi unaoweza kutuliza koo lililokwaruzwa, una tanini, flavonoidi na asidi ya rosmarini. Watafiti wa Poland wameonyesha kwamba dondoo zake hupunguza uharibifu unaotokana na oksijeni katika plazma ya damu iliyomo kwenye vichupa vya maabara. Ni kazi nzuri ya kemia, lakini plazma ndani ya kichupa haikohoi. Kinachokosekana ni jaribio la kuwagawa wagonjwa makundi mawili, hawa wapewe pulmonaria, wale wapewe kitu kingine, kisha ionekane nani amepata nafuu mapema. Tume E ya Ujerumani, iliyoundwa mwaka 1978 kupitia mitishamba inayotumika nchini humo, haikuuidhinisha kwa kuwa manufaa yake hayakuthibitishwa.

Kwa upande wa usalama, habari zake ni njema kiasi, na hapo ndipo mambo yanaponoga. Pulmonaria ni wa familia ya Boraginaceae, familia yenye sifa mbaya kwa ini. Jamaa zake kadhaa hutengeneza kemikali zinazoitwa alkaloidi za pirolizidini, ambazo ni ulinzi wa mmea dhidi ya wadudu na mifugo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1984 ulizitafuta ndani ya Pulmonaria officinalis usizione. Ndugu yake aitwaye comfrey, ambaye wafugaji wa Kenya wanamfahamu kama lishe ya mifugo, anazo, na ndiyo sababu mwaka 2001 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilizitaka kampuni ziondoe sokoni bidhaa zake za kunywa. Wote wawili wana historia ndefu ya kutumiwa, na historia hiyo haikutosha kumtambua mwenye sumu. Kemia ndiyo iliyomtambua.

Alkaloidi hizi zina tabia ya ajabu. Zikiwa ndani ya jani, au ndani ya kikombe, bado si sumu kali. Zikishanywewa hufika kwenye ini, na ini, katika kujaribu kuzivunja zitoke mwilini, hutumia kimeng'enya kiitwacho CYP3A4 kinachozigeuza kuwa kitu kingine chenye kung'ang'ania protini na vinasaba vya seli. Ini linajidhuru kwa kazi yake lenyewe. Mishipa midogo ya damu ndani yake huvimba na kuziba, damu hukosa njia, maji hujaa tumboni. Dozi kubwa huweza kufanya hivyo kwa siku au wiki chache. Dozi ndogo ndogo za kila siku huchukua miezi na kuishia kwenye ini lililosinyaa. Muda wote huo ini haliumi wala halikohoi.

Sasa fikiria mgonjwa wa hivyo akifika zahanati ya Makere au hospitali ya wilaya Kibondo. Ana tumbo lililojaa maji. Mganga wa zamu atawaza kichocho cha tumbo, maana Ziwa Tanganyika haliko mbali. Atawaza homa ya ini aina ya B, pombe, kifua kikuu cha tumbo. Yote ni mawazo sahihi, na mara nyingi mojawapo ndilo jibu. Lakini kama chanzo ni jani, hakuna kipimo chochote katika ngazi hiyo kitakachomwambia. Kesi itaandikwa kwa jina la ugonjwa mwingine, na jani litabaki na sifa yake njema.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Jamaica. Watoto wa huko walikuwa wakivimba ini na tumbo, na kwa muda mrefu lawama ziliangukia utapiamlo. Mwaka 1954 madaktari Bras, Jelliffe na Stuart walieleza ugonjwa wa kuziba kwa mishipa ya ini, na njia ikaelekea kwenye chai ya porini ambayo akina mama waliwanywesha watoto kwa nia njema kabisa, ikiwamo mimea ya jamii ya Crotalaria. Jelliffe ndiye yule yule aliyekuja Makerere baadaye kufundisha tiba ya watoto, na madaktari wengi wa kanda yetu wamesomea kazi zake za lishe bila kujua habari hii ya chai.

Kisa kinachonikaa zaidi ni cha Uswisi, kiliandikwa mwaka 1988. Mama mjamzito alikunywa kila siku chai ya mitishamba ya kifua. Mtoto alizaliwa na ini lililoharibika, akafariki. Chai ilipopimwa ilikutwa na alkaloidi hizo. Mama mwenyewe hakuonyesha dalili yoyote. Angeulizwa, angesema kwa moyo mweupe kabisa kwamba ameinywa miezi yote na haijamdhuru, na angekuwa anasema kweli.

Miaka michache baadaye, mwaka 1995, madaktari wa Austria waliripoti kisa cha mtoto wa miezi 18 aliyekuwa akinyweshwa chai tangu akiwa mchanga. Wazazi waliuchuma mmea wenyewe mlimani, wakiamini ni ule wa kikohozi wanaoujua. Wataalamu wa mimea walipoletewa waliukuta ni mwingine, wenye majani yanayofanana na ya ule, lakini uliojaa alkaloidi hizo. Mtoto alipona baada ya chai kusimamishwa. Hao walikuwa watu wa milimani, waliozaliwa na kukulia kati ya mimea hiyo. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mwenyeji hawezi kukosea jani, namkumbuka mtoto huyo.

Tusogee karibu zaidi. Kaskazini ya Ethiopia, katika wilaya ya Tahtay Koraro huko Tigray, kuanzia mwaka 2001 watu wa kijiji kimoja walianza kuvimba matumbo na kufa kwa ugonjwa wa ini usiojulikana. Uchunguzi wa miaka kadhaa ulionyesha kwamba nafaka yao ilikuwa imechanganyika na gugu liitwalo Ageratum conyzoides, lenye alkaloidi hizo hizo. Viuatilifu navyo vilishukiwa kuongeza madhara. Hawakulinywa kama dawa. Lilivunwa pamoja na chakula chao.

Gugu hilo halihitaji kusafiri kutoka Tigray. Limeenea Afrika Mashariki yote: jani lenye vinyweleo, maua madogo ya zambarau au meupe yaliyokusanyika kama vifungo, na harufu kali ya beberu ukilifikicha. Yeyote aliyepalilia maharage katika eneo lenye mvua kama za Kasulu amelishika. Sehemu nyingi za Afrika hulipaka kwenye vidonda, hulichemsha kwa homa na kifua. Kulipaka juu ya ngozi isiyo na kidonda ni jambo dogo, kwa sababu alkaloidi hizi hupenya ngozi kwa shida. Kulinywa kila siku ni jambo jingine kabisa. Ndugu halisi za pulmonaria nazo ziko katika nyanda za Afrika Mashariki: Cynoglossum, yenye maua madogo ya samawati na mbegu zinazong'ang'ania suruali ya mpita njia, na Trichodesma, inayoota pembezoni mwa mashamba. Zote mbili ni za kutiliwa shaka kwenye kikombe. Crotalaria ni kundi lenye sura mbili. Marejea tunayoyapanda kurutubisha ardhi yamo humo, na spishi nyingine za kundi hilo huliwa kama mboga Kenya, ilhali nyingine huua ng'ombe. Mtu hawezi kuhukumu kundi zima, wala kulisamehe.

Kuna mtego upande wa pili pia, wa mtu wa dawa za viwandani anayesikia haya na kutangaza kwamba mitishamba yote ni ujinga. Mkoa huu huu wa Kigoma una ushahidi wa kumnyamazisha. Novemba 1987, katika milima ya Mahale, mtafiti Michael Huffman akiwa na Mohamedi Seifu Kalunde, mganga wa Kitongwe, walimwona sokwe jike aitwaye Chausiku akiwa mgonjwa, akichagua mti mchungu, Vernonia amygdalina, ambao Watongwe huuita mjonso na wengi wa Kagera na Burundi huujua kama mubirizi. Alimenya gome, akatupa majani, akatafuna kiini na kufyonza maji yake. Kesho yake alionekana kupata nafuu. Walichapisha habari hiyo mwaka 1989, na jina la mganga likawekwa kama mwandishi mwenza, jambo ambalo lingefaa kuwa la kawaida kuliko lilivyo. Wakemia wa Japani walipochambua mmea huo walikuta kwamba majani na gome vina vernodalini nyingi, kemikali kali, na kiini alichochagua Chausiku kina kidogo sana.

Mjonso ni dawa ya tumbo na homa kuliko ya kifua, lakini nautaja kwa sababu unaonyesha ujuzi wa kweli unavyokuwa. Unataja sehemu ya mmea, kiasi, na wakati wa kuacha. Sokwe hakunywa lita moja kutwa mara tatu kwa wiki sita. Ukimwendea mganga mzee aliyefunzwa na mzazi wake utasikia masharti ya namna hiyo: mzizi huu usimpe mwenye mimba, hili kijiko tu, lile siku tatu basi. Ninapoona hatari kubwa si kwa wazee hao. Ni kwenye chupa ya maji ya plastiki inayouzwa gulioni na stendi ikiwa na kimiminika cha kahawia, bila jina la mmea, bila tarehe, inayotibu kifua, mgongo, nguvu za kiume na presha. Pale ndipo masharti ya wazee yalipokatwa, na ya maabara hayajafika.

Kifua kikuu kinafanya suala hili liwe zito zaidi ya lilivyo Ulaya. Ajabu ya historia ni kwamba wakati chai ya pulmonaria ilidumu karne nne bila jaribio, tiba fupi ya kifua kikuu ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki. Matokeo ya kwanza ya mabaraza ya utafiti ya Afrika Mashariki na Uingereza yalichapishwa mwaka 1972. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, wakafuatiliwa, ikaonekana kwamba miezi sita yenye rifampisini inaweza kufanya kazi iliyokuwa ikichukua mwaka mmoja na nusu. Dunia nzima inatumia urithi huo. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wake wa taifa wa kifua kikuu, na mfano wake ukaigwa na nchi nyingi. Kwa hiyo ushahidi wa namna hii si kitu cha kigeni kinacholetwa kutukosoa. Wazazi wetu waliutengeneza kwa mapafu yao.

Rifampisini hiyo hiyo, inayofanya mkojo uwe mwekundu na kumtisha mgonjwa wiki ya kwanza, huliamsha ini litengeneze CYP3A4 na vimeng'enya vingine kwa wingi. Ndiyo sababu mgonjwa mwenye VVU anayetumia dolutegravir huongezewa dozi akianza dawa za TB: ini lake linaivunja dawa haraka mno. Rudi sasa kwenye alkaloidi za pirolizidini, ambazo CYP3A4 hiyo hiyo ndiyo huzigeuza sumu. Mtu aliye kwenye rifampisini, juu yake isoniazidi na pirazinamaidi ambazo zenyewe huweza kulichosha ini, akinywa jani lenye alkaloidi hizo kila asubuhi, amepanga foleni ya mizigo mitatu kwenye kiungo kimoja. Hakuna aliyewapa binadamu mchanganyiko huo makusudi ili apime, na asitokee wa kufanya hivyo. Lakini namna kemia hiyo inavyofanya kazi inajulikana vya kutosha kumzuia mgonjwa. Naye mgonjwa huyu ndiye hasa anayepewa majani na ndugu zake, kwa sababu bado anakohoa na amekonda.

Hata jani lisilo na sumu yoyote huweza kumdhuru kwa kumchelewesha. Mwaka 2011 taifa lilijipanga foleni Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mti uitwao mugariga kwa shilingi 500. Serikali ilipoichunguza dawa ile ilisema haina madhara kwa mnywaji. Wengi walisikia kwamba inaponya. Wapo walioacha dawa za VVU na za TB, na wahudumu wa afya walikuja kuwaona tena wakiwa katika hali mbaya. Kauli mbili tofauti ziliingia kwenye sikio moja. Anayekohoa kwa wiki mbili anahitaji kutoa makohozi yapimwe, awe anakunywa majani au hanywi, na kwenye nyumba iliyojaa watu au kwenye kambi kama Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, kila wiki anayosubiri anawaambukiza waliolala chumba kimoja naye.

Nikiulizwa kitu gani cha nyumbani nakiamini kwa kikohozi cha kawaida cha mafua, nasema asali, na Kibondo ina miombo na mizinga ya kutosha. Majaribio ya watoto yaliyokusanywa na kupitiwa na kundi la Cochrane mwaka 2018 yalionyesha kwamba pengine asali hupunguza kikohozi kuliko kutopewa kitu. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, kwa sababu ya hatari ya vijidudu vya botulizimu. Na kwa kuwa hakuna njia ya kulikwepa somo la leo: nyuki anayetembelea maua yenye alkaloidi za pirolizidini huzileta ndani ya asali, ndiyo maana wanunuzi wa Ulaya huipima. Kijiko wakati wa mafua hakinitii hofu. Ulaya yenyewe, kwa dawa za mitishamba, mwaka 2021 ilithibitisha kikomo cha mikrogramu 1 ya alkaloidi hizi kwa siku kwa mtu mzima, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona.

Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002, ina baraza lake, ina taasisi ya tiba asili Muhimbili iliyoanza kama kitengo mwaka 1974. Mpango wa kifua kikuu umekuwa ukiwashirikisha waganga wa jadi wawapeleke wenye vikohozi kupimwa, na hilo ni jambo la busara kuliko misako. Kinachokosekana kwenye nyanda hizi ni orodha: ni majani gani hasa yanayonywewa kwa kifua, kuanzia Heru Juu hadi Nduta, na yana nini ndani. Wakimbizi kutoka Burundi na Kongo walikuja na mimea wanayoijua wao, na jina moja linaweza kuwa la mti huu bonde hili na la mti mwingine bonde la pili. Kwa hiyo orodha ya majina haitoshi. Kunatakiwa tawi lenye ua, lililokandamizwa kwenye karatasi za gazeti hadi likauke, likiwa na tarehe, mahali, na jina la mganga aliyelitoa ili haki yake isipotee.

Baada ya hapo kazi si ya kutisha. Mkemia A. R. Mattocks alibuni miaka ya 1960 kipimo cha rangi ambacho huonyesha alkaloidi zenye sumu katika jani kwa kugeuka zambarau, na hakihitaji mashine ya mabilioni. Jani linalogeuza rangi litolewe kwenye chungu, kwa makubaliano na waganga wenyewe, na lisilogeuza liendelee kuchunguzwa kwa mengine. Nayo kliniki ya wajawazito na ya TB iwe na swali moja la ziada, liulizwe kwa sauti ya kawaida kama linavyoulizwa la chakula: mama, baba, nyumbani mnakunywa dawa gani nyingine? Mgonjwa aliyegombezwa mara moja atasema hanywi kitu. Ningeanza na majani ya wajawazito, ya watoto walio chini ya miaka miwili, na ya walio kwenye rifampisini. Wengine wanaweza kusubiri majibu ya maabara huku wakiendelea na asali yao.